Kibao Nilichodhani ni cha Malori

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako. Mimi ni dereva wa basi la kiwanda, mwaka wa kumi na tisa huu, sijagonga hata kuku, na ndiyo maana niliona aibu kuuliza, kwani kile kibao cha barabarani chenye mishale miwili, mmoja umekatwa kichwa kwa mstari mwekundu, sijawahi kukielewa, niliona malori ndiyo yanahama njia kwanza nikajua ni chao, mimi nafuata gari la mbele na mambo yanakwenda. Jumanne basi langu lilikuwa gereji, nikapewa la mwenzangu, nimeshusha watu narudi mtupu, mbele hakuna gari hata moja, kibao nikakiona, nikakipita, mara koni za kufungia njia hizi hapa, nikafyeka sita, mtu mwenye fulana ya njano akaruka ukuta wa zege, uso sikumwona, nami, Mungu anisamehe, nikakanyaga mafuta.

Jioni binti yangu wa kwanza, mwenye miezi mitatu tu kwenye kazi ya kupanga koni barabarani, akaingia anachechemea, goti limevimba. “Mama, leo nusura mnizike! Jinga moja la basi limeingia njia tuliyoifunga. Hivi hawa leseni wanapewa na nani?” Mama yake akalia. Mimi, mshauri, nikasonya, nikasema, “Madereva wa siku hizi!”

Jumatatu, akimaliza mapumziko ya goti, atakuwa palepale, nami napita palepale na watu arobaini. Nikisema, heshima imekwenda, labda na kazi. Je, nijifunze kimyakimya?

Baba Aliyesonya

Baba Aliyesonya, pole, lakini nusu ya pole hiyo mpelekee mwenye goti lake. Umemkimbia mtu aliyeanguka, halafu ukasonya! Ulipata wapi mdomo?

Kibao hicho ni cha kila mwenye usukani. Mshale uliokatwa ndio njia iliyofungwa mbele, na namba iliyo chini yake ni mita ulizobakiza. Wenye malori huhama mapema kwa sababu wanajua breki zao zinavyochelewa kushika. Wao wanasoma kibao, bwana wee, wewe unasoma malori. Miaka kumi na tisa ulikosa hata mtu mmoja wa kumwuliza?

Kimyakimya hapana. Ukinyamaza, mtoto atasimama pale akidhani dereva yule ni wa mbali, kumbe wanakula meza moja. Kesho mweleze mkuu wako wa usafiri, kisha msimamizi wa barabara, na usukani usiuguse mpaka mwalimu wa udereva akupitishe kwenye alama zote za barabarani. Wakikusimamisha, simama.

Ila wa kwanza ni binti yako, na ni leo. Atakufokea, mwache afoke, na miaka yako usiitaje. Ukikosa pa kuanzia, chukua karatasi, chora mishale miwili, mmoja uukate kichwa, mwekee mezani palepale uliposonya, umwambie: “Mwanangu, hiki sikukijua. Basi lile nililiendesha mimi.”