Mama Yachiyo na Nyuki wa Rangi ya Chungwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache, nyanya za kwanza zilipoanza kuiva. Kijiji chetu cha Tomisato hakijapata kinyozi mwingine, na vichwa vyetu vinashuhudia.

Kila ulipomwona nyuki wa kigeni dirishani, yule mwenye kitako cheupe, ulimwacha mteja kitini amenyolewa nusu, ukatoka mbio na wavu. "Tulia hapo, narudi!" Wateja walinung'unika, lakini hawakukuhama. Waliona wenyewe jinsi nyuki wetu wanene wa manyoya, wenye kitako cha rangi ya chungwa, walivyopungua kila kiangazi. Wale wa kigeni waliletwa kuchavusha nyanya kwenye mabanda ya plastiki, wakatoroka, wakateka viota vya wenyeji.

Na ile siku ya posa ya mwanao Shunsaku! Mzee Hatakeyama, mkulima wa nyanya, baba wa mchumba wake Nao, hata kikombe cha sake, ile pombe ya mchele, hajakimaliza, ukamuuliza, "Mabanda yako yana nyavu?"

"Mama Shunsaku, tumekutana kwa harusi au kwa nyuki?"

"Kwa vyote. Mwanangu haoi kwenye nyumba inayovuja nyuki."

Shunsaku alitamani ardhi immeze. Nao akainamisha uso. Tukadhani analia, kumbe anacheka. "Baba, hata mimi nimekwambia, mwaka wa tatu huu!"

Mzee akaguna, akamaliza kikombe. "Haya, mmenizidi. Lakini mtanisaidia kushona."

Mkashona wiki nzima, wewe juu ya ngazi, yeye chini akilalamikia mgongo. Harusi tukaifanyia humo humo bandani. Wakulima wenzake walikuja kunywa, wakaondoka wakiulizana nyavu zinauzwa wapi.

Hata ulipolazwa hukukaa bure: ulimkata nywele daktari wako, ukamkaripia kwa kutikisa kichwa.

Sasa sikia habari. Mwezi uliopita jirani yetu Isobe alimkuta Mzee Hatakeyama kalala kifudifudi kwenye maua ya kando ya mto.

"Mzee! Umeanguka?"

"Nyamaza, bwana. Njoo usikilize."

Walikuwa wamejaa, Mama, wale wa rangi ya chungwa, wakivuma ua kwa ua. Isobe naye akalala. Tulipofika, Nao, na mimba yake ya miezi minane, akasema habaki nyuma. Kumlaza kulikuwa rahisi. Kumwinua kulitaka watu watatu, na wote tulikuwa hoi kwa kicheko.

Unakumbukwa kwa furaha na mumeo Eikichi, mwanao Shunsaku na mkewe Nao, dada yako Kiwa, mzazi mwenzio Hatakeyama, na wateja wako wote wenye nywele ndefu.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote za maisha yetu.