Nyonga ya Pili ya Fundi Cherehani

Bweni la Madaktari,
Ghorofa ya juu, kando ya chumba cha kufulia.
9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Presha inasemaje? Bado unameza dawa, au umeshaanza ubishi wako? Mimi mzima, isipokuwa kidole kimoja, nacho ndicho kilichonikalisha kitako kukuandikia.

Mwaka huu wa kusomea ubingwa wa mifupa niko chini ya mkuu tunayemwita Jemadari. Ana mikono ya ajabu, Shangazi. Watu huingia kwa machela wakatoka wanatembea. Roho yake ndiyo sijui aliiacha wapi.

Mwezi uliopita tulimpasua mama mmoja, fundi cherehani. Nyonga zake zote mbili zimelika. Tukaanza na ya kulia, kumwekea ya bandia. Alichomwa ganzi ya mgongo tu, kwa hiyo alikuwa macho nyuma ya pazia. Nikachelewa kidogo kuvuta nyama pembeni. Jemadari akanishushia nyundo ya chuma kidoleni, paa! "Sasa utaamka," akasema. Hakuna aliyeinua uso, ila yule mama akapaza sauti: "Daktari, mbona unampiga mtoto wa watu?"

Nilivumilia hadi tukashona. Picha ikaonyesha mfupa wa kidole changu umepasuka mpaka kwenye kiungo. Nikashtaki kwa wakubwa wa hospitali. Wenzangu wote, ghafla, hawakuwa wameona kitu. Nikabaki na fundi wangu.

Wakubwa wakaenda kumhoji wodini, Jemadari naye kasimama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni. Mama akanitazama, akamtazama yeye. "Mimi sikusikia kitu, wanangu. Nilipitiwa na usingizi."

Walipoondoka akanivuta karibu. "Na hii nyingine ataniwekea nani? Wewe?"

Kidole hakikunjiki, na daktari wa mikono ameniambia nisitarajie makubwa.

Juzi akawekewa nyonga ya pili. Kwa kuwa siwezi kushika chombo, nilipewa kazi ya kuinua mguu. Jemadari akauliza kwa sauti tamu, "Mama, leo umelala au unasikia?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Nyuma ya pazia fundi naye akacheka, kwa nguvu kuliko wote.

Usimwambie baba, bado anatembea mtaani kifua mbele kwa ajili yangu. Mfikishie Bibi shikamoo yangu, na mapacha wako uwabusu. Mungu akuepushe na vitanda vya hospitali.

Ni mimi, mwanao kwa kaka yako, nikupendaye sana.