Magamba ya Mama Alena

Mjukuu wangu Neema,

Salamu mingi kutoka Durban. Mama yako anakusalimia, mjomba Heri anakusalimia, hata mapacha wa jirani wanauliza utarudi lini. Goti langu linauma kidogo, usiogope. Wewe kule Kanada unavaa soksi?

Umeniuliza kama mtoto wako, akizaliwa mbali hivyo, atakuwa bado wa kwetu. Nikamkumbuka Mama Alena.

Nilikuwa kijana, mgeni hapa, nikimfanyia usafi nyumbani kwake, mtaa wa Point. Wazazi wake walitoka nchi ya Cheki. Yeye alizaliwa Durban, kule hajawahi kufika. Siku ya kuamkia Noeli nikakuta samaki mzima anaogelea ndani ya bafu. Nikajua ni wa kupika! Nikamkwangua, nikamtia mawese na pilipili.

Mama Alena akarudi, akashika kichwa. "Eish! Magamba iko wapi?"

"Nimetupa, Mama."

Nikaona kazi nimeshaipoteza. Kumbe yeye akapiga magoti, akachokora takataka, akayaosha magamba, akaweka moja chini ya kila sahani, kama wazazi wake walivyofanya, baraka isitoke nyumbani. Sahani moja ilikuwa yangu. Nilimheshimu sana. Watoto wake wakala huku pilipili ikiwatoa machozi, wakaongeza. Tangu hapo, kila Noeli, samaki wao ni wa mawese.

Gamba langu la siku ile nililitunza; nimelitia ndani ya bahasha hii, ni la mtoto. Niandikie haraka kama limefika, moyo wangu hautulii.

Koko yako