Sheria Kumi na Saba za Sabina

Binti yangu mpendwa Stela,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mtungi wa tatu wa matango ya siki umefunguliwa rasmi leo saa nne asubuhi, mashahidi wakiwa mimi, mwanao Sabina na paka. Paka hakutoa maoni.

Baada ya tangazo hilo, salamu. U hali gani huko ughaibuni Padova? Na yule bibi unayemuuguza, bado anakuita kwa jina la dada yake? Sisi huku tunapumua, theluji imefika madirishani. Barua hii nampa dereva wa basi dogo anayewaletea ninyi mlio huko vifurushi kila Ijumaa. Ningesema kwenye simu, lakini ukipiga Sabina huwa amekaa pajani pangu. Tena kwenye simu nimezoea vibaya: kila kitu huwa kizuri.

Tangu mavuno ya zabibu nimekuwa nikimfundisha mtoto kujilinda. Nimeandika sheria nyuma ya kalenda ya mwaka jana: asikanyage barafu ya bwawa, asiinamie kisima, asichezee kiberiti, ajue namba ya kuita gari la wagonjwa hata akiamshwa usingizini. Zilifika kumi na saba. Ya kumi na nane, kwamba babu aache kuongeza sheria, aliipendekeza yeye. Anayoipenda zaidi ni ya mlango: babu akitoka, anapiga komeo, na hafungui mpaka asikie neno la siri, hata sauti ikiwa ya babu. Neno alilichagua mwenyewe. Jirani yetu Profira aliniuliza kama nalea mjukuu au naandaa askari wa mpakani.

Jumatano ile shule ilifungwa kwa ajili ya theluji. Niliwasha jiko la ukutani, moto ukashuka ukawa makaa, nikatoka kuchukua kuni. Komeo likapigwa nyuma yangu, barabara kabisa. Nikiwa na kuni mikononi nikatazama paa. Bomba la jiko halikutoa hata uzi wa moshi. Wewe umekulia hapa, unajua maana yake: kile kibati cha kuzibia bomba kilikuwa kimefungwa makaa yakiwa bado na mwali wa bluu, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu ilikuwa inajaa chumbani kwa mtoto.

Nilikimbilia mlangoni, nikamwambia afungue upesi.

"Sema neno, babu."

Neno halikuja. Nilitaja ng'ombe wote tuliowahi kufuga. Nilitaja watakatifu, nikataja jina la marehemu mama yako. Nikamwambia ni mimi, babu yake wa damu, jiko linamuua.

"Mwizi naye angesema hivyohivyo," akajibu, na sauti ilishaanza kulegea. "Babu, kichwa kinaniuma. Sema neno basi, nifungue."

Nilipiga mlango kwa bega. Ni wa mwaloni, niliuchonga mwenyewe, na miaka yote nimejisifu kwamba hauvunjiki. Kweli hauvunjiki. Halafu Sabina akaacha kujibu.

Profira alinikuta nimepiga magoti kwenye theluji nikitaja majina ya miji. Nilipomwambia kuna komeo hakuuliza la pili. Alivunja dirisha kwa shoka, akapenya na sketi zake zote tatu. Mtoto alikuwa chini ya meza, ametapika, hajitambui. Tulimlaza uani juu ya koti langu. Alipofumbua macho, la kwanza lilikuwa kumshtaki Profira: "Na huyu hakusema neno."

Muuguzi wa kijiji alikaa naye mpaka alasiri. Sasa anakula na kubisha kama kawaida.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Jioni ile nilikwambia kwenye simu kwamba Sabina ndiye aliyefunga kibati. Ulimkaripia mpaka ukaishiwa sauti. Hakujitetea. Alinitazama tu.

Stela, nilikifunga mimi. Sikumbuki kukifunga, lakini kiko juu, mtoto hakifikii hata akipanda kiti. Na kwamba kibati kisifungwe makaa yakiwa hai ndiyo sheria ya kwanza kwenye kalenda, kwa mwandiko wangu.

Nimeanza kusahau tangu kabla ya mavuno. Ilikuwa miwani, ikawa njia ya kurudi kutoka dukani. Uliwahi kunisimulia jinsi ugonjwa wa yule bibi ulivyoanza. Nilikuitikia "maskini" huku nahesabu dalili zangu kwenye vidole. Zile sheria kumi na saba nilimwandikia ajilinde na mimi. Nilimwomba msamaha mara mbili. Alinisihi nisikwambie ukweli, maana ukiujua utamwondoa hapa na mimi nitabaki peke yangu. Ana miaka saba, naye ndiye anayenilinda. Siwezi tena kulibeba hilo.

Rudi, au mchukue. Siombi unitunze. Naomba asiachwe tena nyumba moja na mimi bila mtu mzima. Na kabla hujafanya lolote, mpigie umwambie hana kosa lolote.

Mfunike vizuri bibi wa watu, na wewe vaa soksi nzito. Profira anakusalimu, Sabina anakubusu, bila kujua nimeandika nini.

Ni mimi baba yako,
Haralampie

Nimekumbuka sasa hivi, nikifunga bahasha: mlango wa nyuma hauna komeo, wala haukuwa nalo Jumatano ile.