Mtoto Aliyekosa Jua Kisumu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa maana kichwa changu hakishiki tena neno la mtu. Mwanangu Dalmas ana mwaka na nusu na hajatembea, nikimsimamisha miguu inapinda kwa nje, analia, na mimi nalia. Tangu azaliwe sijamtoa nje, kwa sababu jirani yetu hapa Kaloleni anasemwa ana sihoho, lile jicho baya, kwamba akimtazama mtoto anakula basi tumbo litamsokota, nikafunga mlango, nikawa namweka dirishani jua limpige kupitia kioo. Sasa daktari ananiambia mifupa imelegea kwa kukosa vitamini D, ile ya jua! Hapa Kisumu, jua linalokausha omena, wale dagaa wa ziwani, kabla ya saa sita, mtu atalikosaje? Nikaona ananicheka. Mama mkwe naye alikuja kutoka Awasi, akasema, "Huyu nyathi, huyu mtoto wenu, ako na chira, ile laana, mmevunja mwiko mahali. Jumamosi nakuja kumchukua akunywe manyasi, ile dawa ya mitishamba ya kuiondoa." Mume wangu Dishon anakubaliana na yeyote aliyeongea mwisho. Ni jicho, ni mwiko, ama ni jua? Nimpeleke wapi kabla hajalemaa?

Niliyechanganyikiwa, Kaloleni

Shangazi Elsie anajibu:

Pole sana, mama. Umempenda mtoto mpaka ukamfungia, na hapo ndipo ulipokosea. Daktari hakukucheka. Jua la Kisumu ni jingi, lakini ni la walio nje. Ngozi hutengeneza vitamini D jua likiigusa, na kioo kinazuia ile sehemu ya jua inayofanya kazi hiyo, kwa hiyo dirishani mwanao alipata joto tu. Bila vitamini hiyo mfupa hauwi mgumu, na ukibeba uzito unapinda. Ndiyo matege hayo. Hakuna mwiko uliovunjwa, acheni kutafutana makosa.

Rudi hospitali kesho, na dawa utakayopewa uimalize. Miguu usiikande wala kuifunga vijiti. Mpe yai, maziwa, na omena iliyosagwa pamoja na mifupa yake. Kila siku mtoe nje miguu ikiwa wazi, bila kumwacha aungue. Akitibiwa mapema, miguu ya umri huo mara nyingi hunyooka. Kuhusu Jumamosi, Dishon ndiye atakayemwambia mama yake kwamba mtoto haendi Awasi, maana ni mama yake, na safari hii aseme yeye mwisho.

Halafu kuna huyo jirani. Mwaka na nusu anaona mlango ukifungwa usoni pake, wala hajui kosa lake. Kesho ukitoka na mtoto, akikusalimu, simama umwitikie.