Mzunguko Mmoja na Robo

Tarehe 3 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Hujambo mwilini, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia misumeno ya injini, umepoa? Sisi huku wazima, namshukuru Mungu. Macho yangu sasa yanataka miwani kutunga uzi, lakini cherehani bado inaniheshimu. Kaka yako naye mzima, na karakana yake haijakosa milango ya kutengeneza.

Najua barua hii itakushtua. Miaka sita ni mingi. Kila alfajiri nakutaja katika sala, lakini sala si barua, na hapo nimekukosea.

Sasa nisikilize. Kaka yako ameunda ndege nyingine ya rimoti. Kubwa kama ile ya kwanza, bawa moja tu linakaribia urefu wangu. Mbao kachonga yeye, kitambaa cha mbawa nimekikata na kukivuta mimi kwa pasi mpaka kikalia kama ngoma. Injini ni ile ile ya petroli uliyoipenda, maana siku ile ndege ya kwanza ilipoanguka karibu kila kitu kilivunjika isipokuwa yenyewe. Jumamosi ya kwanza ilipaa vizuri mno, nikasema moyoni, haya, Mungu ametukumbuka. Jumamosi ya tatu ikafanya lile lile. Ilikimbia chini bila kikohozi, ikainua pua kwenda juu, ikakata kauli. Safari hii alifanikiwa kuielekeza kwenye nyasi, gurudumu moja tu likang'oka.

Shemeji, mara ya kwanza ulikuwa umegusa kabureta katikati ya wiki, ndiyo maana akakusimamisha mbele za watu akasema mikono yako ni ya kukata magogo, si ya kurusha ndege. Mara hii hakuna aliyegusa. Alipokuwa akiokota gurudumu nilimsikia akisema peke yake, "Na leo nimlaumu nani?"

Tangu hapo haigusi. Ameifunika kwa shuka na anataka kuing'oa injini ampe mkata majani wa shule. Ikiondoka injini ile, mimi naona na neno la mwisho kati yenu litabaki lile la siku ile. Kwa hiyo nakuuliza, bila yeye kujua: ni nini kinachoiua ikiwa hewani? Mimi si mwoga wa bisibisi. Niambie cha kufanya.

Wako katika sala,
Shemeji yako


Tarehe 12 Machi

Shemeji,

Salamu zimefika. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Kazi ipo, watu bado wanakata miti na bado wanasahau kuchanganya oili kwenye petroli.

Barua yako imekaa siku nne juu ya kabati la vifaa. Yeye simjibu. Nakujibu wewe, kwa kuwa siku ile nilipoondoka ni wewe uliyenikimbilia na koti langu.

Fungua plagi uitazame ncha. Ikiwa nyeusi na imelowa, injini inavimbiwa. Ikiwa nyeupe kama chaki, ina njaa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, haina neno. Kisha fungua kifuniko kidogo cha kabureta, ndani kuna chujio la ukubwa wa ukucha. Lisafishe kwa petroli, usilisugue. Zile skrubu mbili za pembeni usizitie mkono, hata malaika akikushauri.

Ukimaliza, kuna jaribio ambalo kaka yako hajawahi kulifanya kwa sababu ana haraka. Iwasheni ikiwa chini, mkia umefungwa kwenye nguzo. Mtu mwenye nguvu asimame nyuma ya mbawa, aiinue pua iangalie juu, nawe uongeze moto kwa rimoti. Wote muwe nyuma ya pangaboi, hilo halina adabu kwa vidole. Hesabu mpaka sitini uniambie. Mtu mwenye nguvu utamtafuta mwenyewe, mimi sitaji mtu.

Shemeji yako


Tarehe 24 Machi

Shemeji yangu,

Hujambo? Umekunywa yale maji ya moto asubuhi kwa ajili ya mgongo kama nilivyokuwa nikikusihi? Najua hujanywa.

Plagi ni chai ya maziwa kabisa. Chujio ni safi, nimelitazama kwa miwani na bila miwani. Hapo nikawa nahitaji mtu mwenye nguvu, na katika nyumba hii yuko mmoja tu. Nikamfuata karakana nikamwambia nina fundi ninayeandikiana naye.

"Fundi gani?"

"Wa injini ndogo ndogo."

"Za misumeno?"

"Hata za misumeno."

Akapuliza vumbi kwenye randa, akalipuliza tena wakati lilishaisha. "Mwambie huyo fundi wako kutazama plagi nilikujua kabla hajaota ndevu."

"Nitamwambia."

"Na mgongo wake umepona?"

Nikasema bado. Akaenda kuitoa shuka.

Tukaifunga mkia kwenye nguzo ya kamba za nguo. Ikiwa imelala, ilinguruma bila kasoro, majani yakaruka mpaka kwa jirani. Akaiinua pua. Nikahesabu kwa sauti, nilipofika ishirini na sita ikapwita mara mbili, ikazima. Tukarudia, ikafa kwenye ishirini na tatu. Tukailaza, ikawaka kama haikuwa yenyewe. Kaka yako alikaa chini kwenye mchanga akaitazama, akasema, "Miaka sita, na sikuwahi kuiinua pua."

Basi tuambie sasa. Usifikiri ndege hii ina mtu mmoja wa kuilaumu au kuisifu, kila mkono wa nyumba hii umo humo. Yeye katoa mbao, mimi kitambaa na vikorokoro vya mezani kwangu, na wewe roho yake. Nina hakika tumefika karibu, nalijua hilo kama ninavyojua pindo lililokaa sawa kabla sijalipiga pasi.

Shemeji yako


Tarehe 2 Aprili

Shemeji,

Mmefanya kazi ya kifundi, nakusifu. Sasa kabureta iacheni. Ugonjwa uko ndani ya tangi.

Humo mna mpira mwembamba wenye kizito mwishoni. Ndege ikiinua pua, mafuta yanakimbilia nyuma, na kizito kinayafuata kama ndama anavyofuata ziwa la mamaye, hivyo injini haikosi kunyonya. Mpira ukichomoka kwenye bomba lake la shaba, injini inanyonya kwa mdomo wa bomba tu. Ndege ikilala, mafuta yapo mdomoni. Ikiinuka, mdomo unanyonya hewa.

Vuta kizibo cha tangi utazame. Mpira wa petroli ni mgumu kidogo, una rangi ya asali. Ukikuta laini na mweupe, ule unaoteleza vidoleni, huo wa silikoni, jibu umelipata. Siku za kwanza unashika vizuri, kisha petroli inauvimbisha mpaka unavuka wenyewe kama soksi kuukuu.

Mimi sikuweka mpira kwenye lile tangi. Nilipofika ulishafungwa ndani. Nilitukanwa mbele za watu kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine, nikahama mji. Huyo mtu, kama ni yeye kaka yangu au ni nani, ningependa siku moja anitazame machoni aniambie, "Ni mimi."

Nisamehe kwa ukali. Tazama tangi.

Shemeji yako


Tarehe 18 Mei

Shemeji yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini u mzima na kazi inakwenda. Kaka yako mzima. Mimi nilikuwa naumwa, si homa wala kichwa, na leo nimepona.

Ni mimi.

Barua yako ilifika kaka yako akiwa amepeleka milango kwa mteja. Nikaenda karakana peke yangu, nikavuta kizibo. Bomba la shaba lilitoka tupu. Mpira nikautoa kwa koleo, umenenepa, mlegevu kama mnyoo baada ya mvua. Nikaubeba mpaka chumbani kwangu kwa kushonea nikauweka mezani, na juu ya kichwa changu ilikuwa ile chupa ya maji ya pasi yangu ya mvuke. Unaikumbuka? Maji yanashuka kwa mpira mweupe laini mpaka kwenye pasi. Nikatazama juu, nikatazama chini. Ni ule ule. Kwa ndege ya kwanza kaka yako alilalamika kwamba mpira aliouziwa ni mgumu, nikamkatia shibiri moja ya ule wangu. Kwa ndege ya pili hakuomba hata, nilimpelekea mwenyewe na chai.

Nikarudisha kila kitu, nikafunga. Kaka yako alipouliza, nikasema fundi hajajibu. Huo ulikuwa uongo, na jioni ile ile nikapiga magoti kama mtu mwema. Miaka sita nimemwomba Mungu azime moto kati yenu, kumbe kiberiti nilikuwa nacho mimi. Wiki sita nyingine nikazikalia. Sikuogopa kupigiwa kelele. Niliogopa nyote wawili mtakuwa na haki, na mimi nitabaki nje ya mlango.

Jumapili nikauweka mpira ule kwenye sahani mbele yake, kando ya kikombe. Nikamweleza yote.

Akaugeuza kwa kijiko. "Wa pasi?"

"Wa pasi."

"Na mimi niliuona ukinipa."

"Uliuona."

Akasema, "Wewe ulikosea kwa kutaka kusaidia. Mimi nilimtukana mdogo wangu kwa kutaka kuonekana najua. Usinibebee langu."

Akaondoka mezani, nikasikia anapekua makasha. Alirudi na kile kifuniko cha mbao cha chumba cha injini, cha ndege ya kwanza. Alikitunza, Shemeji. Kwa ndani kuna mwandiko wako wa penseli: "Skrubu ya juu, mzunguko mmoja na robo. Usibadili." Siku uliyoondoka aliibadili kidogo. Sasa akairudisha ulipoandika wewe, tukatia mpira wa rangi ya asali, tukaifunga kwenye nguzo, tukaiinua pua. Nikahesabu mpaka sitini. Nikahesabu mpaka mia mbili, mpaka akachoka kuishikilia na ikabidi mimi niizime.

"Mwandikie," akaniambia.

"Mwandikie mwenyewe."

"Barua mimi sizijui."

"Na matusi uliyajua?"

Akacheka, cheko la kwanza tangu Machi. Kisha akachukua penseli yake ya useremala, akakigeuza kifuniko, na chini ya mwandiko wako akaandika kwa herufi kubwa: "Ilikuwa sawa. Kaka yako."

Utakikuta ndani ya kifurushi hiki. Amekipiga msasa ukingoni, na kinaingia barabara kwenye ndege hii mpya. Kingine hatujatengeneza, naye hataki kutengeneza. Anasema haitapaa tena bila kifuniko, na kifuniko unacho wewe. Nami nataka ukija unitazame machoni, nikuambie kwa mdomo nililoliandika hapa juu.

Makoti yako mengine mawili uliyoyaacha huku, moja nimelishona mfuko uliochanika, na yote nimeyapiga pasi. Usicheke.

Tafadhali nijibu upesi, uniambie ni Jumamosi ipi.

Shemeji yako