Timu Yako Ilikwenda na Mandazi

Baba Mwende,

Usicheke mwandiko. Herufi zangu zinapanda mlima kama punda mwenye mzigo, lakini zinapanda. Hii ni barua ya kwanza kuandikwa na mkono huu tangu nizaliwe, na nimekuandikia wewe uliyekufa kwa sababu walio hai nawaambia kwa mdomo, na wasiposikia napaza sauti.

Ndiyo, nasoma gumbaru. Pale ukumbini Kaloleni, Jumanne na Alhamisi, mwalimu ni msichana mdogo kuliko kitinda mimba wetu, na sisi wazee tumebanwa kwenye madawati magoti yakigusa kidevu. Miaka yote ulinibembeleza, "Mama Mwende, njoo nikuonyeshe jina lako tu," nikakujibu kwamba nimelea watoto watano bila herufi hata moja na hakuna aliyelala njaa. Kiburi. Nakubali, andika huko uliko kwamba leo nimekubali. Kiburi hicho ndicho kilichonifanya nikukosee, na kosa lenyewe ndilo nimekuja kulisema. Kwa hivyo usinikatize.

Ni kile kitabu chako cha timu.

Unajua nilivyokidharau. Mchana kutwa ulikuwa ukisukuma roli, lile pipa la chuma la kusawazisha uwanja, kwenye kiwanja cha kriketi cha Wahindi, ukinyunyiza maji, ukichora mistari ya chokaa. Jioni, badala ya kupumzika, redio sikioni, unasikiliza watu wakicheza huko ng'ambo mchezo mmoja siku tano, kisha unaniambia hakuna aliyeshinda. Siku tano! Mimi kwa siku tano nalima shamba la mama yangu lote kule Machakos na kulipanda. Ukachukua daftari la shule, lenye jalada la buluu, ukaanza kuchagua watu kumi na mmoja wa dunia nzima. Tena si wale wakubwa wa kusifiwa. Hao aliwachukua rafiki yako Bwana Kanti, mwandika alama wa klabu. Wewe ulitaka waliosahauliwa. Kila mmoja ukurasa wake, na sababu zake.

Na kila Jumamosi, watu wakishaondoka, mnakaa barazani kwa klabu, wazee wawili wenye mvi, mnabiringisha penseli. Penseli ya pande sita, umechonga kwa kisu: moja, mbili, nne, sita, sufuri, na upande wa mwisho, ametoka. Timu yake na timu yako, upande unaobaki juu ndio alama ya mpigaji. Uliporudi nyumbani nilikuwa nakuuliza, "Wazungu wako wameshinda?" Nawe unajibu kwa upole, "Si Wazungu wote, Mama Mwende."

Sasa sikia. Madaftari ya wajukuu yakijaa, mimi huyachana nikafungia mandazi. Unajua hivyo, Kaloleni nzima inajua. Alfajiri vibarua wanapita wakienda Industrial Area, kila mmoja na mandazi yake mawili kwenye karatasi. Juma lile kabla hujaanguka, rundo lilikuwa chini ya kitanda, ubavuni mwa kitabu chako. Daftari la buluu, daftari la buluu, yote sawa. Mtu anayejua kusoma angeona. Mimi niliona wino, nikachana.

Timu yako ilikwenda na mandazi, Baba Mwende. Mchezaji mmoja mmoja, wenye mafuta, wakaishia kwenye mitaro ya viwanda. Niligundua ulipoanguka, ulipokuwa umelala pale na kifua kinakoroma, mechi na Kanti imefika katikati, zamu ya kupiga ni yako. Ukaniuliza, "Kitabu cha timu kipo?" Nikapiga magoti nikatazama chini ya kitanda, nikaona sakafu. Nikasimama nikasema, "Kipo. Nimekifungia sandukuni."

Ukashika mkono wangu ukasema, "Basi kikae huko."

Siku tisa baadaye tulikuzika.

Mwaka mzima nilimkimbia Kanti. Alikuja matangani na mkewe, wakaleta sukari na majani, akaniambia kwa Kiswahili chake kile, "Mama, mechi iko pale pale. Ukipata kitabu, leta, sisi namaliza." Nikamwambia nitatafuta. Nikimwona njiani naingia kwa kinyozi, mimi ambaye kichwa changu hakijaguswa na kinyozi maisha yangu yote. Mtu mzima ninayegombeza mtaa mzima kwa uongo! Ndipo nikaenda gumbaru. Nilijiambia nikijua kuandika nitaiandika upya timu yake, kwa mkono wangu, halafu nimpelekee.

Na unajua nini? Ninaikumbuka. Hukuwahi kudhani nakusikiliza, wala mimi sikudhani. Lakini mtu huwezi kutukana watu kila jioni bila kuwajua. Majina yao ya kanisani sikuyashika, nimewaandika kwa majina niliyowapa. Kobe, yule wa New Zealand anayeanza kupiga kabla ya wengine, anayesimama tangu asubuhi mpaka chai bila kupiga kitu cha maana, ili mwenzake apate mia na makofi. Mikono Ungo wa Pakistan, anayedaka nyuma ya vijiti, asiyetajwa redioni mpaka siku aangushe mpira. Na Askari wa England, yule anayetumwa giza likianza kuingia, si mpigaji, anatumwa tu atolewe yeye ili bwana mkubwa aamke kesho mzima. Huyo nilikuuliza kwa nini anakubali. Ukasema, "Lazima mtu akubali." Nilikasirika siku hiyo. Sasa jina lake nimeliandika mara mbili, la kwanza lilipinda.

Nikapata kumi. Wa kumi na moja amekataa. Najua alikuwa mrushaji. Nimekaa na sufuria ya mafuta mbele yangu asubuhi baada ya asubuhi, nikijaribu kukumbuka nilikuwa nikimtukana nini. Hakuna kitu.

Kwa hivyo Jumamosi iliyopita nilivaa leso safi nikaenda klabu. Roli lako wameliweka ukutani, Baba Mwende, limeota kutu. Wana lingine la injini, na kijana anayeliendesha hata hatazami nyuma. Nikamkuta Kanti barazani na kitabu chake cha alama. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwamba kitabu nilikichana, nikakifungia mandazi, nikamdanganya mtu anayekufa.

Mhindi yule akavua miwani. Akasema, "Mama, yeye alijua."

Ulijua!

Akanieleza kwamba ulikwenda kwake na ukurasa mmoja wenye mafuta, umemkuta kibarua kituo cha basi anajipangusa mikono kwa nahodha wako. Kwamba ulicheka mpaka ukashika nguzo. Kwamba ulimwambia, "Usimwambie Mama Mwende. Akijua atajigombeza yeye, na anajua kugombeza." Na siku ile kitandani ulijua, ukaniuliza bado. Kwa nini? Ulitaka niseme? Ulikuwa unanifungulia mlango, nami nikaupiga kufuli? Au ulitaka tu kuona kama nitakutunza kwa uongo kama wewe ulivyonitunza kwa kunyamaza? Nakuuliza na hujibu. Umekuwa hivyo tangu tuoane. Nililia pale pale kwa Wahindi, mbele ya watu wa tenisi.

Kanti hakumkumbuka wa kumi na moja. Akasema, "Chagua wewe."

Basi nimechagua. Redio yako naisikiliza, usifurahi sana. Kuna mmoja wa Sri Lanka, anarusha mpira upande upepo unakotoka, kutwa nzima, kwa sababu mwenzake mwenye jina hataki upande huo. Wapigaji wanachoka kwake, wanakwenda kutolewa kwa yule mwingine. Jioni mtangazaji anamtaja mwingine. Nilipiga redio kofi. Huyo ndiye. Kama alikuwa si yeye uliyemwandika, ulikosea.

Jumamosi hii nakwenda kubiringisha penseli. Unahitaji alama mia na arobaini na mbili ushinde, na Kobe yuko ndani bado. Nimemwambia Kanti asinionee huruma.

Lala, Baba Mwende. Mandazi bado nachoma, na karatasi bado nachana, lakini nakuahidi hili: hakuna ukurasa utakaotoka mkononi mwangu kabla sijausoma wote, mstari kwa mstari, hata uwe hesabu za mtoto, hata wateja wapige kelele na mafuta yaungue. Jana wamenisubiri hivyo, foleni mpaka kwenye bomba la maji. Nikawaambia wangoje. Nilikuwa bado nasoma.

Mimi mkeo,
Mama Mwende
(nimeandika jina mwenyewe)